Watoto wa Machimboni Makongolosi na Watoto Wetu wa Dago: Nini Kinachompeleka Mtoto Kwenye Uhalifu?



Ndugu wasomaji, kila linapozuka tukio la vijana wadogo kuvunja, kupora au kujeruhi, husikika kauli mbili. Ya kwanza inasema: umasikini ndio unaowafanya hivyo. Ya pili inasema: watoto wa siku hizi hawana adabu, wachapwe. Kauli hizi zilisikika mwanzoni mwa Januari 2015, pale hofu ya makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road ilipowafanya watu wa Dar es Salaam kufunga milango mapema. Zikasikika tena mwaka 2022 jina hilo liliporudi. Na tunazisikia hapa kwetu Unguja na Pemba anapokamatwa kijana na simu au mkufu wa mtu.

Katika makala hii tunataka kuzipima kauli hizo kwa kutazama mahali ambapo visiwani hapazungumzwi sana: Makongolosi, mji mdogo wa wachimbaji dhahabu katika wilaya ya Chunya, mkoa wa Mbeya. Tumepachagua kwa sababu mbili. Kwanza, pale fedha ipo, kwa hiyo umasikini peke yake hautoshi kueleza jambo. Pili, mambo ambayo kwetu yamejificha, kule yanaonekana wazi. Kisha tutarudi nyumbani, kwani mtoto wa machimboni ana mwenziwe hapa visiwani, naye ni mtoto wa dago.

Mji wa dhahabu

Makongolosi iko kaskazini ya mji wa Mbeya, kiasi cha kilomita 110 kwa njia ya Chunya. Eneo hilo ni sehemu ya machimbo ya Lupa. Dhahabu ilianza kuchimbwa huko katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 maelfu ya watu walimiminika kuitafuta. Leo ipo barabara ya lami, wapo wachimbaji wadogo wenye leseni, na yapo makarasha ya kusagia mawe. Lakini mwendo wa maisha ya machimboni haujabadilika sana. Ikivuma habari kwamba mahali fulani dhahabu imetoka, watu huhamia, hujenga mabanda na kuchimba. Ikikata, huhamia kwengine.

Mahali pa namna hii huwa na wanaume wengi waliokuja peke yao. Fedha huja leo na kumalizika usiku huohuo. Majirani hawajuani ukoo, na mtu akimuona mtoto anapita saa nne za usiku hajui ni wa nani, wala hahisi kuwa ana haki ya kumuuliza.

Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Tanzania. Watafiti wake walitembelea machimbo 11 katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mbeya, na Chunya ikiwemo. Walizungumza na watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi hizo. Walikuta watoto, wengine wa umri wa miaka minane tu, wakishuka mashimoni, wakibeba na kuponda mawe, na wakichanganya zebaki na mchanga kwa mikono mitupu ili kuikamata dhahabu. Zebaki ni sumu inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na madhara yake kwa mtoto ni makubwa zaidi kuliko kwa mtu mzima. Miongoni mwa watoto hao walikuwemo yatima. Wasichana walikabiliwa na udhalilishaji. Wengi walikosa masomo, na wengine waliacha skuli kabisa.

Tunaomba tufahamike vizuri. Hatukusudii kuwavunjia heshima watu wa Makongolosi, kwani wapo wazee kule wanaochuma kwa halali na kusomesha watoto wao kwa jasho. Wala hatusemi kwamba mtoto anayefanya kazi machimboni ni mhalifu. Huyo kwanza ni mwenye kudhulumiwa. Tunachosema ni kwamba mazingira kama hayo yanatuonesha hatua kwa hatua namna mtoto anavyotoka mikononi mwa wakubwa wake.

Fedha mkononi, na hakuna wa kumuuliza

Tuchukulie kijana wa miaka 13 katika mji wa machimbo. Anaanza kwenda mwaloni siku za Jumamosi, anaosha mchanga, anapata fedha ya daftari. Nyumbani wanafurahi. Baada ya muda anakwenda na siku za skuli. Sasa anapata zaidi ya anachopewa na mama yake, anajinunulia chakula, na siku nyengine anamletea mama unga na mafuta. Hapo ndipo jambo kubwa linapotokea bila ya mtu kuliona: mama anaanza kuona haya kumuuliza. Atamuulizaje alikolala, naye ndiye aliyeleta chakula cha jana?

Mtoto huyu ana kipato cha mtu mzima na akili ya mtoto. Marafiki zake ni wanaume wa miaka 25 na 30. Kwao anajifunza namna ya kutumia fedha: pombe, bangi, kamari, wanawake. Anajifunza pia kwamba mwanamme haogopi wala halii. Kisha dhahabu inakata, au anaumia, au mwenye shimo anamfukuza. Fedha inaondoka lakini mazoea yanabaki. Skuli ameshaachwa nyuma miaka miwili na anaona aibu kukaa darasa moja na wadogo zake. Ni hapo, mara nyingi, anapoanza kunyoosha mkono kwenye mali ya watu.

Tazameni vizuri. Kijana huyu hakuanza kuiba siku alipokuwa masikini zaidi, kwani alipokuwa na miaka kumi hakuwa na kitu na hakuiba. Ameiba baada ya kupoteza alichokizoea, na baada ya kupoteza watu wa kumuuliza. Umasikini ulimfungulia mlango wa kutoka nyumbani, lakini mengine yalimfika baada ya kutoka. Ndiyo maana kuondoa ada peke yake hakumalizi tatizo. Tanzania Bara imefuta ada katika skuli za msingi na sekondari za Serikali, na bado wapo watoto wanaotoroka madarasani.

Wataalamu wameona nini

Jambo hili limechunguzwa mbali na kwetu. Mwaka 1942 watafiti wawili wa Marekani, Clifford Shaw na Henry McKay, walichapisha uchunguzi wao wa mji wa Chicago. Waliona kwamba mitaa ileile ilikuwa na watoto wengi waliofikishwa mahakamani mwaka baada ya mwaka, ingawa wakaazi wake walibadilika, wageni wa taifa moja wakihama na wa taifa jengine wakiingia. Wakafahamu kwamba tatizo si asili ya watu. Ni mtaa ambao watu wake wanahamahama, hawajuani, na hawawezi kusimama pamoja kuwaangalia watoto. Nani anayesoma maelezo hayo asiikumbuke miji ya machimbo?

Huko London, mwaka 1944, daktari John Bowlby aliandika juu ya watoto 44 waliokuwa wezi. Aliwalinganisha na watoto wengine 44 wenye matatizo ya nafsi lakini wasioiba. Katika wale wezi, 17 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu wakiwa wadogo. Katika wale wengine walikuwa wawili tu. Wataalamu waliofuata walimkosoa, wakasema idadi hiyo ni ndogo, na kwamba kutengana peke yake si hukumu: mtoto akipata mwengine wa kumpenda na kumlea kwa utulivu, hunusurika. Masahihisho hayo ni muhimu kwetu, kwani yanatupa matumaini. Mtoto anahitaji mtu mzima mmoja wa kudumu, ambaye akikosekana usiku mtu huyo halali.

Na ile kauli ya fimbo? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011, kwa ushirikiano wa Serikali, UNICEF na wengineo, ulionesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wanawake na wanaume, walipigwa au kuumizwa kabla ya kufika miaka 18. Maana yake watoto wetu hawajapungukiwa na kipigo. Kama fimbo peke yake ingekuwa dawa, nchi yetu isingekuwa na mwizi hata mmoja. Mtoto anayepigwa kila siku hujifunza mambo mawili: kuficha, na kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki. Yote mawili ni masomo ya uhalifu.

Ndugu zake Yusuf (A.S.)

Kwa Muislamu haya si mageni. Katika Suratu Yusuf Mwenyezi Mungu (S.W.) ametusimulia vijana waliopanga kumuangamiza ndugu yao. Hawakuwa na njaa, na baba yao alikuwa Mtume. Kilichowasukuma ni hisia moyoni: waliona Yusuf na nduguye wanapendwa zaidi na baba yao. Hisia ile ilipozungumzwa katika kundi ikawa mpango. Wakajipa udhuru kwamba baada ya kitendo kile watakuwa watu wema. Na humo humo kundini alikuwemo mmoja aliyepunguza ukali, akashauri asiuawe bali atiwe kisimani.

Ndani ya kisa hiki kuna mambo ambayo wataalamu wanayaeleza leo: wivu na kujihisi kutopendwa, nguvu ya kundi, na udhuru wa kuituliza nafsi. Na lipo la kuwafundisha wazazi. Nabii Yaaqub (A.S.) hakuudanganya moyo wake kwa uongo wa wanawe, lakini pia hakuwafukuza. Alisubiri, akaendelea kuzungumza nao kama baba, mpaka siku walipokiri makosa na kumuomba awaombee msamaha. Laiti angewafungia mlango, wangerudi kwa nani?

Kwa ajili hiyo pia Mtume (S.A.W.) alikataa kuwa shahidi wa zawadi aliyopewa mtoto mmoja, Nuuman bin Bashir (R.A.), bila ya ndugu zake, akamuamrisha baba yake awafanyie watoto uadilifu. Mzazi anayemlinganisha mmoja na mwenziwe kila siku mbele ya wageni ajue anapanda kitu.

Kutoka Makongolosi hadi dago

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna machimbo ya dhahabu, lakini tuna madago. Wavuvi wanahama na vyombo vyao kufuata samaki, wanakaa wiki au miezi katika pwani isiyo yao. Watoto wanawafuata. Wanachota maji, wanapara samaki, wanaanika dagaa, wanalala pamoja na watu wazima, wanapata mgao. Chuo wamekikosa, skuli wameikosa. Unapofika msimu wa karafuu Pemba, wapo wanaopanda mikarafuu badala ya kuingia darasani. Wapo wanaoponda kokoto. Na wapo wanaoshinda katika fukwe za watalii, ambako mtoto anaweza kurudi na fedha ambayo baba yake hajaishika kwa mwezi.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara ya mwaka 2009 inapotaja kazi za hatari kwa mtoto inaweka pamoja uchimbaji na kwenda baharini. Kwetu Zanzibar, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 nayo inamkinga mtoto na kazi zenye kumdhuru. Hatupingi mtoto kumsaidia babake kazi ya ukoo baada ya masomo. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojifunza maisha. Tofauti ni hii: mtoto anayevua na babake anarudi nyumbani na babake. Mtoto wa dago anarudi kwa nani?

Yapo na mengine yaliyo ndani ya nyumba zetu. Talaka zimekuwa nyingi, na baba akioa kwengine mara nyingi huwa kama amemuacha na mtoto. Baadhi ya kina mama wamekwenda Oman na nchi nyengine za Ghuba kufanya kazi za majumbani ili walete chochote, na mtoto amebaki kwa bibi. Hatuwalaumu kina mama hao. Wengi wao wanabeba mzigo ulioangushwa na wanaume. Na mapenzi ya bibi ni hazina. Lakini kijana akifika miaka 14, bibi mwenye maumivu ya miguu hawezi kumfuata uwanjani usiku. Fedha inatoka Maskati kila mwezi, kijana ana simu nzuri na viatu vizuri, na hakuna wa kumuuliza. Ni hali ileile ya Makongolosi, isipokuwa hapa dhahabu inatumwa kwa simu.

Hukumu yake ni ipi?

Suala linaloulizwa mara nyingi ni: mtoto ambaye hajabaleghe akiiba, dini inasemaje? Jawabu ni kwamba kalamu imeinuliwa kwake mpaka abaleghe, kama ilivyothibiti katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.). Haandikiwi dhambi wala hapitishiwi adhabu ya mtu mzima. Lakini haki ya mwenye mali haipotei. Kitu kirudishwe, na kilichoharibiwa kilipwe katika mali ya mtoto mwenyewe kama anayo, na walii wake ndiye msimamizi wa hilo. Mzazi akilipa kutoka mfukoni mwake, hiyo ni ihsani na ni njia nzuri ya kuzima fitna. Kisha mtoto atiwe adabu, na kutia adabu maana yake ni kumfundisha, si kumjeruhi.

Aliyebaleghe anabeba dhambi yake. Hata hivyo Sayyidna Umar (R.A.) katika mwaka wa ukame hakupitisha adhabu ya wizi, kwani aliitazama hali iliyowazunguka watu. Na yeyote anayemkamata kijana na kumpiga mawe au kumchoma moto kwa jina la hasira za wananchi ametenda jambo la haramu kubwa zaidi kuliko wizi wenyewe. Hakuna mtu wa barabarani aliyepewa mamlaka ya kutoa roho kwa ajili ya simu.

Sheria za nchi zimeelekea huko huko. Sheria ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu mtoto kifungo cha jela. Mkoa wa Mbeya ndiko iliko Shule ya Maadilisho ya Irambo, wanakopelekwa watoto waliotiwa hatiani. Na mwaka 2012 ulianzishwa Temeke mpango wa kumrekebisha mtoto akiwa nyumbani kwao, chini ya uangalizi, badala ya kumfungia. Hekima yake inaungwa mkono na mtaalamu Terrie Moffitt, aliyeeleza mwaka 1993 kwamba wengi wanaokosea katika ujana huacha wenyewe wakikua, na wachache tu ndio wanaoendelea maisha yao yote. Ukimtia yule wa kundi la kwanza chumba kimoja na majambazi, unamsomesha.

La kufanya

Kwanza, wazazi tuulize. Mtoto akirudi aulizwe kwa upole: umeshinda wapi, ulikuwa na nani, na kitu hiki umekipata wapi. Aulizwe kila siku, hata siku ambazo hana kosa, ili kuulizwa kusiwe ni adhabu. Na tusipokee fedha ya mtoto tusiyoijua inakotoka, hata kama sufuria ni tupu.

Pili, baba aliyeacha mke hajaacha mtoto. Matumizi ni wajibu juu yake, na kuonana na mtoto nako ni haki ya mtoto. Mama akiwa safarini, familia ikae na imtaje kwa jina mjomba au ami mmoja atakayemsimamia kijana, isiwe "sote tupo" kisha asiwepo mtu.

Tatu, walimu wa chuo wajue nani hayupo. Kijana akikosekana siku tatu, aendewe kwao na aulizwe hali, asisubiriwe kwa bakora. Mtoto anayejua kuwa kutokuwepo kwake kunaonekana ana kamba ya kumrudisha.

Nne, masheha, kamati za wavuvi na manahodha wakubaliane kwamba mtoto wa skuli hapandi chombo wala hakai dago siku za masomo. Nahodha mmoja akikataa peke yake, mtoto atakwenda kwa mwengine. Wakikataa wote, atarudi darasani.

Tano, mtoto akikamatwa, mzazi aende. Asikimbie kwa aibu. Amtake afisa wa ustawi wa jamii, aseme ukweli, alipe haki ya watu, na amwambie mwanawe kwamba kosa lake ni baya lakini mlango wa nyumbani uko wazi. Na akitoka Chuo cha Mafunzo, tumpe kazi na nafasi katika safu ya sala. Tukimkwepa sisi, wale waliomponza hawatamkwepa.

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratut-Tahrim, aya ya 6, tuziokoe nafsi zetu na watu wetu na Moto, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Basi tusiseme mtoto ameshindikana ilhali hatujamtafuta. Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, wa visiwani na wa Makongolosi, awarejeshe waliopotea, na atupe sisi subira ya kuwalea.

Wabillahi tawfiq.